Mtumbwi, ngalawa au kayaki: kuchagua chombo kinachokufaa kwa maji ya Mtwara na Lindi

Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), maji ya pwani yetu hupwa karibu saa nne asubuhi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hiyo ukifika Mikindani saa hiyo utakuta kati yako na bahari pametanda tope, mawe na nyasi za bahari. Chombo chako lazima kipite hapo, ama begani ama kwa kuburuzwa. Basi kabla ya kuuliza urefu au bei, uliza kilo.

Kayaki ya plastiki ya mtu mmoja, yenye urefu wa mita 3, huwa na kilo 18 hadi 25. Mtu mzima mwenye afya anaibeba mwenyewe. Ya watu wawili inataka watu wawili kweli, kwa kwenda na kwa kurudi, na wakati wa kurudi mmeshachoka. Mtumbwi wa gogo la mwembe ni mzito kuliko hizo mara kadhaa, na ukikaa majini unakunywa maji na kuongezeka uzito. Huo husogezwa juu ya magogo ya mviringo, au hufungwa mahali ambapo maji hayakauki. Ngalawa haibebwi. Kama huna mahali pa kuitia nanga, usiinunue.

Utakitumia wapi?

Ndani ya Ghuba ya Mikindani, kati ya Shangani na Msanga Mkuu, au kwenye vijito vya mikoko ya Mto Lukuledi, chombo kifupi kinatosha. Kayaki ya mita 2.7 hadi 3.2 yenye upana wa sentimita 70 hadi 80 hugeuka kirahisi kwenye kona za mikoko na imetulia. Mtumbwi mdogo usio na mirengu (miti ya pembeni inayozuia chombo kupinduka, kama ya ngalawa) nao ni wa humo humo. Ngalawa kwenye vijito ni usumbufu, maana mirengu hunasa kwenye mizizi.

Ukitaka kutoka nje, kwa mfano upande wa Msimbati au kufuata pwani kutoka Lindi kwenda Mchinga, mambo hubadilika. Msimu wa kusi (upepo wa kusini) asubuhi bahari inaweza kulala kabisa, halafu kabla ya adhuhuri upepo ukakaza. Kayaki fupi na pana huzungushwa na upepo: unapiga kasia mara tano upande mmoja ili tu pua irudi ilikokuwa, na mkono wa upande huo unaisha nguvu kabla hujafika. Hapo tafuta kayaki ya mita 4.3 hadi 5, upana wa sentimita 55 hadi 62. Itakuyumbisha siku chache za mwanzo, lakini inakwenda moja kwa moja na kila pigo la kasia linalipa. Kwa anayevua kwa nyavu huko nje, ngalawa bado haina mpinzani. Mirengu inaipa uthabiti wa chombo kipana huku mwili ukibaki mwembamba, na ina tanga. Lakini ihesabu kuwa ni chombo cha watu wawili.

Mahali pawili pa kutilia maanani. Kwenye mlango wa Lukuledi, maji yanapotoka na upepo unaingia ghubani, wimbi hupanda na kuwa fupi lenye ukuta. Hata chombo kizuri hupata taabu hapo. Subiri maji yasimame. Na Mto Ruvuma una mamba na viboko. Huko hatumshauri mtu kwenda na kayaki wala mtumbwi mdogo, awe na ujuzi gani.

Hesabu ya mzigo

Wengi huangalia kama wao wenyewe wanaenea, wakasahau vitu. Jumlisha kila kitu: wewe, mwenzako, nyavu zikiwa zimelowa, nanga, maji ya kunywa (lita 10 ni kilo 10) na samaki unaotarajia kurudi nao.

Kwa kayaki, chukua uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda, kisha tumia robo tatu yake tu. Iliyoandikwa kilo 120 ichukulie kuwa ni ya kilo 90. Ukiizidisha haizami mara moja, ila inakuwa nzito kugeuza, na kwa zile za kukalia juu, zisizo na shimo la kuingiza miguu, maji hupanda kupitia matundu ya kutolea maji ukashinda umekaa kwenye dimbwi.

Mtumbwi hauna kibandiko cha kiwanda, lakini unapimika. Mtumbwi wa mita 4 wenye upana wa sentimita 60 huzama takriban sentimita moja kwa kila kilo 17 unazoongeza. Mtu wa kilo 75, nyavu kilo 20, maji na nanga kilo 15, samaki kilo 30: jumla kilo 140. Utazama kama sentimita 8. Ubavu uliobaki juu ya maji, mahali pa chini kabisa, usipungue sentimita 15 ukiwa umepakia. Maana yake mtumbwi huo ukiwa mtupu uwe na angalau sentimita 23 juu ya maji. Nenda na rula, upime ukiwa unaelea. Muuzaji asiyekubali uuingize majini, achana naye.

Mwili wako

Kwenye kayaki ya kukalia ndani, vaa vile utakavyovaa safarini, pamoja na jaketi okozi, kisha ukae. Nyayo ziguse vikanyagio huku magoti yamekunja kidogo na kugusa kuta za juu kwa ndani. Magoti yakinyooka kabisa, kiuno kitauma ndani ya saa moja. Kila upande wa nyonga lipite bapa la kiganja, si zaidi sana: ukibanwa hutatoka upesi kikipinduka, ukilegea unateleza ndani wakati chombo kinayumba. Mwenye miguu mikubwa ajaribu na viatu vyake, kwa sababu pua nyingi ni za chini. Mtu mnene au mrefu sana kwa kawaida anapata raha zaidi kwenye ile ya kukalia juu.

Kwenye mtumbwi, urefu wa mtu hufanya kazi kinyume chake. Mrefu akikaa juu ya ubao, uzito wake uko juu na mtumbwi wa tumbo la mviringo unabiringika. Shusha kikalio, au piga magoti.

Kisha fanya jaribio hili kwenye maji ya kiunoni. Kaa, yumbisha nyonga kulia na kushoto, ukiongeza taratibu. Chombo kinachokufaa huinama, halafu ukahisi kinakusukuma kurudi. Kisichokufaa huinama sawasawa bila kukataa, kisha kinakumwaga ghafla. Baada ya hapo kipindue kwa makusudi na ujaribu kurudi. Kwa kayaki ya kukalia juu, igeuze, lala kwa tumbo katikati yake huku ukipiga miguu, ndipo ugeuke ukae. Ya kukalia ndani lazima iwe na vyumba vya hewa vilivyozibwa mbele na nyuma. Isipokuwa navyo, itajaa na hutaweza kuitoa maji baharini. Mtumbwi wa gogo hauendi chini, lakini ukijaa, kingo zake hulingana na maji, na kila wimbi hurudisha maji uliyoyafua, yaani uliyoyachota na kuyamwaga nje. Jaribu kuufua ukiwa umejaa, uone inakuchukua muda gani.

Kukagua kilichotumika

Mtumbwi wa mwembe: upige kwa fundo la kidole kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Sauti ikibadilika kutoka ya kulia kuwa ya kufa, simama hapo uchokonoe kwa ncha ya kisu. Ncha ikizama bila nguvu, mti umeoza. Angalia sana pembeni mwa viraka vya zamani na chini ya bati zilizopigiliwa, maana uozo hujificha hapo. Vitundu vidogo vya mviringo kwenye tumbo ni dalili ya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Tundu la nje ni dogo, njia ya ndani ni kubwa. Ufa unaofuata urefu wa mti hutiwa kalafati (pamba ya kuzibia) ukatulia, lakini ufa uliofika kwenye ncha ya omo huendelea kufunguka.

Ngalawa: shika mrengu uutikise kwa nguvu. Kamba zikilia tu si neno, zinafungwa upya. Miti ikichezacheza kwenye mwili wa chombo, tundu zimepanuka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kayaki ya plastiki iliyopauka na kutoa vumbi jeupe ukiisugua imeliwa na jua. Tia ndoo mbili za maji ndani, inua upande mmoja kisha mwingine, utazame nje kama inavuja, hasa kwenye matundu ya kiti na kisigino cha nyuma kinachoburuzwa. Ukiambiwa ufa utazibwa kwa faiba (nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi), kataa: gundi ya faiba haishiki plastiki ya aina hii, ambayo huchomelewa kwa joto na plastiki ya jamii yake. Kayaki ya faiba yenyewe ndiyo inayotengenezeka kwa faiba, na mafundi wa boti wanaiweza.

Kasia linunuliwe pamoja na chombo. Kwa kayaki ya sentimita 60 hadi 65, kasia la pande mbili la sentimita 220 linawafaa wengi. Ya sentimita 70 na kuendelea inataka 230 hadi 240, la sivyo vidole vitakuwa vinagonga ubavu. Kwa kafi la mtumbwi, yaani kasia fupi la bapa moja, kaa ulipozoea, simamisha mpini kwenye kikalio: mahali bapa linapoanzia pafike kidevuni.

Ukinunua kwa ajili ya kuvua, chombo kinahitaji usajili na leseni, kwa hiyo pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kulipa uone kama karatasi za muuzaji ni safi. Na mtumbwi wa mwembe ukishaufikisha nyumbani, uweke kwenye kivuli au uufunike kwa makuti siku hiyo hiyo, kwani jua la mchana huupasua.