Kusakinisha Grav kwa Ajili ya Timu Ndogo

Grav ni mfumo huria wa kusimamia maudhui ya tovuti, ulioandikwa kwa PHP na kutolewa chini ya leseni ya MIT. Hauhitaji hifadhidata, kwa kuwa kila ukurasa ni faili ya Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama nyepesi za mpangilio) iliyomo ndani ya kabrasha la user/pages. Timu ya watu wachache ikiniomba ushauri, mimi huipendekezea Grav kabla ya mfumo wowote mkubwa, maana kuhamisha tovuti ni kunakili makabrasha tu.

Hatua ya 1. Pakua kifurushi chenye paneli ya msimamizi na ukifungue kwenye seva.

Hatua ya 2. Panga ruhusa za faili. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Kwenye Debian na Ubuntu, seva ya wavuti huendeshwa na mtumiaji www-data, ilhali wewe huingia kwa akaunti yako. Kwa hiyo ukurasa uliohifadhiwa kupitia paneli huweza kukataa kuhaririwa kwa mkono, na uliopakiwa kwa mkono ukaikataa paneli. Watu wengi hukimbilia chmod 777, yaani amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, nami naipinga kabisa, kwa sababu humruhusu kila mtumiaji wa seva kubadilisha faili zako. Badala yake, ingiza kila mhariri kwenye kikundi kimoja, kisha utoe amri hizi ukiwa ndani ya kabrasha la Grav, kwa mpangilio huu (badala ya jina, andika jina la akaunti ya mhariri):

sudo usermod -aG www-data jina
sudo chgrp -R www-data .
sudo find . -type f -exec chmod 664 {} +
sudo find . -type d -exec chmod 2775 {} +
sudo chmod 775 bin/*

Tarakimu 2 iliyotangulia 775 hufanya faili mpya zirithi kikundi cha kabrasha. Amri ya mwisho hurejesha uwezo wa kuendesha programu za bin, ambao amri ya tatu huuondoa. Weka pia umask (mpangilio unaoamua ruhusa za faili mpya) iwe 0002, kwako na kwa huduma ya PHP, la sivyo faili mpya hazitaandikika na kikundi. Mhariri aliyeongezwa lazima atoke na kuingia upya ndipo uanachama wake utambulike. Usiendeshe bin/gpm, programu ya Grav ya kusakinisha nyongeza, kama root (mtumiaji mkuu wa seva), kwani faili za akiba zitakazozaliwa zitakuwa mali ya root na tovuti itaanza kutoa makosa.

Hatua ya 3. Fungua tovuti kwenye kivinjari na uunde akaunti ya msimamizi papo hapo, kabla mtu mwingine hajaufikia ukurasa huo.

Hatua ya 4. Wape wahariri ruhusa za admin.login na admin.pages pekee, admin.super ibaki kwa msimamizi.

Hatua ya 5. Hifadhi kabrasha la user kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, lakini usiijumuishe user/accounts katika hazina ya wazi.