Kufundisha softiboli watoto wa chini ya miaka 10

Mimi nimekulia kwenye mchezo wa kati, shule ya msingi Nakuru. Softiboli, mchezo wa mpira na gongo unaofanana na besiboli, nimeikuta Minnesota, Marekani, binti yangu alipojiunga na timu ya mtaa na kocha akakosekana.

Anza na sheria. Umri huu mrushaji husimama futi 35 kutoka kwa mpigaji, na mipira mingi haifiki. Ukimruhusu mpigaji aende besi ya kwanza (kituo cha kwanza cha kukimbilia) bure kila baada ya mipira minne mibaya, jioni nzima itaisha watoto wakitembea tu. Kubaliana na kocha mwenzako kabla ya mechi: ikifika minne, kocha wa timu inayopiga aingie arushe mwenyewe. Wekeni pia kikomo cha mikimbio (yaani pointi) mitano kwa kila zamu ya timu kupiga, na kila mtoto apige.

Kudaka ndiko kugumu, maana adui ni woga. Mvue mtoto glavu, chukua mpira wa tenisi, simama hatua nne kutoka kwake. Mpira ukija juu ya kiuno, vidole vielekee juu. Ukija chini, vielekee chini. Nilikuwa na mmoja aliyefumba macho na kugeuza shingo kila mara. Nikaandika tarakimu kwenye mipira kwa kalamu nene, nikamwambia aisome kabla haijamfikia. Wiki ya pili akawa ananikosoa: "Kocha, hiyo ni saba, umeiandika vibaya!"

Kutupa: bega la mkono usiotupa limwelekee anayetupiwa, kiwiko kisishuke chini ya bega. Na helmeti kwa mpigaji haina mjadala, hata mazoezini.