Kununua nyumba ya mapumziko kijijini pwani ya Kenya kama si raia

Dalali wa Takaungu, Msambweni au Vanga akikuambia kuna nyumba inauzwa, kabla ya bei muulize hili: ardhi iliyo chini yake ni ya nani? Katika pwani hii nyumba na ardhi ni mali mbili, na mara nyingi zina wenyewe wawili. Mtu anaweza kumiliki kuta, paa na kisima huku kila mwezi akimlipa mwenye ardhi kodi ya uwanja. Anakuuzia alicho nacho bila kudanganya, ila hicho alicho nacho hakifiki chini ya msingi.

Mzizi wa hali hii ni wa zamani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyowataka wenye ardhi katika ukanda wa pwani wapeleke madai yao ili wapewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikachukuliwa kuwa ya Taji la Uingereza, na wengi waliokuwa wakiishi na kulima pale wakabaki bila karatasi. Ndiyo sababu hadi leo utakuta kijiji kizima kimekaa juu ya hati ya mtu asiyeonekana, na familia zinazoitwa maskwota katika ardhi waliyozikwa babu zao. Ukinunua hati ya aina hiyo, umenunua na ugomvi wake, na watu walio juu ya ardhi hiyo wana haki ya kusikilizwa.

Minazi na miembe nayo iulizie. Kwa desturi za hapa mti unaweza kuwa na mwenyewe tofauti na wa ardhi. Muulize muuzaji mbele ya majirani: minazi hii anaiangua nani? Kama ni mwingine, alipwe na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba.

Mambo mengine mawili huwakamata wageni. La kwanza ni wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani: mali hiyo haiuzwi, hata kama anayeishi ndani ana ufunguo na risiti za umeme. Uliza Tume ya Wakfu, na umuulize pia imamu wa msikiti ulio karibu, maana mara nyingi yeye anajua kabla ya ofisi. La pili ni mirathi. Nyumba kuukuu ya kijijini huwa ya marehemu, na warithi wametawanyika Mombasa, Zanzibar na Maskati. Sahihi ya mmoja haitoshi. Taka hati ya urithi iliyotolewa na Mahakama ya Kadhi au mahakama nyingine yenye mamlaka, jina la kila mrithi liwemo, na warithi wote watie sahihi. Muuzaji akiwa na mke au mume, idhini ya mwenzi wake nayo ni ya lazima.

Sheria inakuruhusu nini

Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Ukiuziwa hati ya kudumu, isiyo na kikomo cha miaka, mbele ya sheria inahesabika kuwa ya miaka 99. Kampuni inahesabiwa ya kiraia pale tu hisa zote zikiwa za raia. Mtanzania, Mganda au Mrundi asidhani Jumuiya ya Afrika Mashariki inambadilishia hali: Itifaki ya Soko la Pamoja imeacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Mkenya wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa pili bila kuukana wa Kenya bado ni raia, na vizuizi hivi havimhusu.

Kuna vizuizi viwili ambavyo madalali wengi huvipita kimya.

Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Ardhi inataja "ardhi inayodhibitiwa": yote iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu, pamoja na viwanja vya safu ya kwanza na ya pili kutoka alama ya maji makuu ya Bahari ya Hindi. Asiye raia hawezi kuinunua bila idhini ya maandishi ya Waziri wa Ardhi. Kwa hiyo nyumba ya Vanga, iliyo mpakani, inahitaji idhini hata ikiwa ndani kabisa ya kijiji, na nyumba inayogusa ufuo inaihitaji popote ilipo. Anayekuambia idhini itafuata baadaye anakuuzia tumaini. Kama huna subira ya kuisubiri, tafuta safu ya tatu, mbali na mpaka. Kutoka hapo hadi majini ni mwendo wa dakika chache, na bei hupungua.

Kizuizi cha pili ni ardhi ya kilimo. Kisheria, ardhi iliyo nje ya manispaa, mji mdogo au soko huhesabika ya kilimo isipokuwa masharti ya hati yenyewe yanasema vinginevyo. Ploti ya kijijini yenye nyumba na mchungwa mmoja inaweza kuwa "shamba" kwenye daftari. Mauzo ya shamba yanahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na sheria inaiamuru bodi imkatalie asiye raia. Wa kumwondoa katika katazo hilo ni Rais, kwa tangazo la Gazeti Rasmi. Njia ya kawaida ni muuzaji kubadilisha kwanza matumizi yawe ya makazi, na hati ya kudumu igeuzwe kuwa ya kukodi miaka 99. Kazi hiyo ikamilike kabla hujalipa bei. Mapatano yanayohitaji kibali na hayakukipata ni batili, na kuingia ndani ya nyumba kwa mapatano kama hayo ni kosa la jinai.

Hapo ndipo utasikia shauri la kuandikisha kwa jina la rafiki Mkenya. Likatae. Katiba inasema mali iliyoshikwa kwa dhamana ni ya kiraia pale tu wanufaika wote wakiwa raia. Na rafiki akifariki, nyumba inaingia katika mirathi yake. Watoto wake hawana deni lolote kwako.

Upekuzi wa hati

Mtafute wakili wako mwenyewe. Asiwe wa muuzaji, wala yule aliyeletwa na dalali. Upekuzi rasmi katika masijala ya ardhi unaonyesha mwenye hati leo, rehani na mazuio. Kwa nyumba ya pwani huo ni mwanzo tu. Mwagize wakili apate nakala iliyothibitishwa ya daftari lenyewe, ambalo maafisa huliita kadi ya kijani kwa hati ya kudumu na kadi nyeupe kwa ya kukodi. Humo utasoma mlolongo mzima: nani alipewa kwanza, lini, akamuuzia nani. Umiliki ukibadilika mara tatu ndani ya mwaka mmoja, simama uulize kwa nini.

Sababu ya kufika hadi mzizi ni uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, ufuoni. Mnunuzi alikuwa na hati iliyosajiliwa, lakini mahakama ikaona kwamba eneo lile lilikuwa la wazi la umma na halikugawiwa kwa utaratibu tangu mwanzo, kwa hiyo hati iliyotokana na ugawaji ule haikumlinda. Njia za wavuvi kushukia baharini, bandari za ngalawa na uwanja wa kuanikia dagaa ni sehemu zinazoweza kuwa za umma hata kama leo kuna ukuta. Waulize wazee wa ufuo njia ya zamani ilipita wapi.

Baada ya wakili, mlete mpima ardhi mwenye leseni. Atafute mawe ya mipaka yote, ayalinganishe na ramani ya masijala, na apime umbali kutoka alama ya maji makuu. Kanuni za upimaji zinataka ardhi ya serikali inapopimwa ufuoni ibakizwe kanda isiyopungua mita 30 juu ya alama hiyo. Baraza au bwawa la kuogelea likiwa ndani ya kanda hiyo, usililipie.

Kuikagua nyumba

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza iwe mwezi wa tatu, mwisho wa kaskazi na kabla ya masika, wakati visima viko chini kabisa. Chota maji ukayapime maabara. Kloridi ikizidi miligramu 250 kwa lita utaanza kuionja chumvi, na kisima hicho kikivutwa kwa pampu kitazidi kuharibika. Mara ya pili iwe wakati wa kusi, siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya au mwezi mpevu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na upepo wa kusi huyasukuma. Simama ukutani saa ya maji kujaa. Ufuo mpana wa Januari unaweza kuwa haupo.

Nyumba za zege zikague na nyundo ndogo. Gonga nguzo, linta na upande wa chini wa dari. Sauti ikiwa kavu na nzito, sawa. Ikilia kama mtungi mtupu, nondo imeota kutu ndani, imevimba na kuachanisha zege. Chanzo chake mara nyingi ni mchanga wa ufuoni au maji ya chumvi yaliyochanganywa wakati wa ujenzi, na plasta mpya haitibu: utakuta ufa uleule umerudi, ukiwa na mstari wa rangi ya kahawia, mvua moja baadaye.

Nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa ni bora kuliko inavyoonekana, mradi hakuna aliyeipaka saruji. Saruji hufungia unyevu ukutani na chokaa iliyo nyuma yake ikaoza. Vyumba ni vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa boriti za mikoko haziruki zaidi ya hapo. Chomeka kisu pale boriti inapoingia ukutani. Ndipo mchwa na unyevu huanzia. Ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, ulio katika Urithi wa Dunia tangu 2001, hata kubadilisha mlango kuna idhini yake.

Paa la makuti liwe na mwinamo mkali, digrii 40 na zaidi. Likiwa limelala, maji hayateremki upesi na kuti huoza. Shimo la maji taka liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, chako na cha jirani, maana mwamba wa matumbawe una matundu na uchafu husafiri haraka.

Mkataba na fedha

Arubuni ya kawaida ni asilimia 10, na muda wa kukamilisha ni siku 90. Kwa mgeni siku hizo hazitoshi. Andikeni kwamba zinaanza kuhesabiwa baada ya idhini ya waziri au kibali kupatikana, na kwamba kikikataliwa arubuni inarudi yote. Fedha ziende benki kwa benki, zikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili hadi hati ihamishwe. Dalali asizishike.

Ushuru wa stempu ni asilimia 2 nje ya manispaa na asilimia 4 ndani yake. Hukadiriwa kwa thamani ya mthamini wa serikali, ambayo yaweza kupita bei mliyopatana. Kwa nyumba ya shilingi milioni 8 hiyo ni 160,000 au 320,000, kwa hiyo uliza mapema kijiji kiko upande gani. Diani, kwa mfano, ni manispaa. Kwa wakili kadiria asilimia 2, na VAT ya asilimia 16 juu ya ada yake. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji, asikubebeshe. Aonyeshe pia vyeti kwamba hadaiwi kodi ya kaunti wala kodi ya ardhi ya serikali. Wewe utahitaji PIN ya KRA, namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na ukimwachia mtu akusainie, hati ya uwakala isajiliwe Kenya.

Nyumba haikupi haki ya kuishi nchini. Utaingia kwa masharti yaleyale ya mgeni. Ukiipangisha huku ukiishi nje, kodi ya zuio kwa asiye mkaazi ni asilimia 30 ya pango lote, kabla ya kutoa gharama.

Mtunzaji wa nyumba umpate kijijini hapohapo, kwa mkataba ulioandikwa, mshahara wa kila mwezi na michango yake ya NSSF (hifadhi ya jamii) na SHA (bima ya afya). Kazi zake ziandikwe: kufungua madirisha kila siku, kupaka mafuta bawaba na makomeo, kuosha chumvi kwenye mabati na paneli za sola, kuangalia makuti kabla ya masika. Nyumba iliyofungwa miezi 6 karibu na bahari huota ukungu hadi ndani ya magodoro, na kufuli la chuma cha kawaida huwa halifunguki tena.