Kupanga nyimbo za albamu ya roki kwa ajili ya santuri

Mpangilio unaopendeza kwenye simu unaweza kuharibika kabisa kwenye santuri. Kabla hujampelekea fundi wa kukata sahani (anayechonga sauti kwenye sahani ya kwanza) chochote, shika saa uhesabu muda.

Sahani ya sentimita 30, inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika, hubeba vizuri dakika 18 hadi 20 kila upande. Ukijaza 25, fundi hubana mitaro, yaani mistari iliyochongwa ambamo sindano hupita, na ili isigusane hana budi kupunguza sauti. Hapo wimbo wa gitaa kavu humezwa na mchakacho wa sindano. Afadhali uache wimbo mmoja nje.

Kinachofuata ndicho wengi hukosea. Ukingoni mwa sahani sindano hupita takriban sentimita 51 za mtaro kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Sauti ileile inabanwa ndani ya nafasi isiyofika nusu, kwa hiyo matoazi na herufi "s" za mwimbaji huanza kukwaruza. Wimbo wa gitaa la umeme na ngoma nzito uwe wa kwanza au wa pili. Ule wa sauti na gitaa peke yake ufunge upande. Najua, wanaroki hupenda kumalizia kwa kishindo. Basi upande huo uwe wa dakika 15, mitaro iishie mbali na lebo.

Kwenye miksi, yaani unapochanganya sauti studioni, tuliza "s" kwa di-esa (kifaa au programu ya kupunguza ukali wa "s"), hasa kati ya kHz 5 na 8. Besi na ngoma ya mguu, chini ya Hz 150 hivi, zikae katikati: zikipishana kushoto na kulia, kina cha mtaro hupungua na sindano huruka. Usitumie nakala iliyobanwa kwa limita (kifaa au programu ya kuzuia vilele vya sauti) ili ivume. Kwenye santuri haiongezi sauti, inachosha masikio tu.

Tuma WAV (faili ya sauti isiyopunguzwa ubora) ya biti 24, faili moja kwa kila upande, vituo vya kimya kati ya nyimbo vikiwa ndani yake, pamoja na orodha ya dakika na sekunde kila wimbo unapoanza.

Nakala za majaribio zikifika, anza na wimbo wa mwisho wa kila upande. Mkwaruzo ukijitokeza mahali palepale kwenye nakala zote, tatizo liko kwenye miksi, ukataji au bamba la kuchapia. Mkwaruzo ukiwa kwenye nakala moja tu, isafishe kwanza vumbi, kisha usikilize tena.