SOMO: Mwezi imechelewa, tesiti ya mimba unaiamini lini

Ninaandika hii mara moja juu nimechoka. Kila juma kuko mutu anainama ku kontware ya famasi hapa Kadutu, anaongea polepole, "yaya, mwezi imechelewa siku mbili, nipime?" Kuanzia leo mwenye kuniuliza hiyo namutumia hapa.

1. Hesabu kwanza. Na usihesabu tarehe ya mwezi peke yake, hesabu toka ile siku mulilala bila kinga. Kuko mwenye mwezi yake inarudia kiisha siku 21, mwingine 35, wote wako wazima. Sasa malaria, mawazo mengi ao kukonda gafla inaweza kuchelewesha yai kutoka, basi mwezi nayo inachelewa, na mimba kama iko, iko changa kuliko unavyozani. Yai likitoka inapita kama siku 6 mpaka 12 njo mimba inashika mu kizazi, hapo tu njo ile homoni tesiti inatafuta, hCG, inaanza, na mwanzoni inajizidisha mara mbili kila siku mbili tatu. Ukipima mbele ya hapo mukojo haina kitu ya kuonyesha. Mwezi yako inajulikana? Pima siku ya kwanza ya kuchelewa ao kiisha hapo. Haijulikani? Ngoja siku 21 toka mara ya mwisho mulilala pamoja.

2. Nunua yoyote, bandeleti (kale kakaratasi ka kuchovya) ya bei chini inatafuta homoni ile ile. Angalia tarehe ya kuisha na kama sashe haijapasuka.

3. Mukojo ya kwanza ya asubui.

4. Chovya, usipitishe alama ya MAX, weka chini.

5. KUSOMA. Hapa njo watu wanajiumiza. Weka saa ku telefone, fata dakika zenye ziko ku karatasi yake, mara nyingi 3 ao 5. Mustari wa C, ule wa kuonyesha tesiti inafanya kazi, lazima utoke, bila C tesiti imekufa, tupa. C na T (mustari wa mimba) yenye rangi: mimba, hata T ikiwa hafifu. C peke yake: homoni haijaonekana, na haijaonekana si sawa na haiko. Kiisha dakika 10 USIANGALIE TENA. Mukojo ikikauka inaacha kamustari ka kijivu bila rangi, hako kalishanipeleka mimi mwenyewe mbio mpaka labo, damu ikasema hapana. Na kuko wenye wanaitoa mu pubele magaribi wananitumia picha. Sisomi picha ya tesiti ya jana, musinitumie.

6. Imesema hapana na mwezi haiji? Rudilia kiisha juma moja. Ikisema tena hapana, nenda ku santere wakuangalie.

ANGALISHO: tumbo kuuma sana upande mumoja, damu, kizunguzungu, bega kuuma, hiyo inaweza kuwa mimba inje ya kizazi. Acha tesiti, hospitali usiku uleule.

MAULIZO

Nyota ya Bagira: Yaya tulilala juma iliyopita, nimepima jana imesema hapana, niko salama?
— Soma namba 1.
Nyota ya Bagira: Nimesoma lakini nataka kujua leo
— Leo hakuna mwenye anajua. Ungekuja mbele ya masaa 72 tungeongea kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Na wenye walikimeza wajue kinaweza kusogeza mwezi, musishtuke, muhesabu 21 ileile.

Baba wa Nguba: Mama mukwe anasema chumvi mu mukojo inatosha
— Jaribu na mukojo yako baba, utuambie umebeba miezi ngapi.

Mudogo wa Panzi: Juu ya nini asubui? Na nilikuwa nameza antibiotiki, inaharibu?
— Ulizo muzuri mudogo wangu. Usiku hunywi maji, mukojo inakaa muda murefu, homoni inakusanyika. Mwezi ikishachelewa siku nyingi, saa yoyote ni sawa, ila usijaze maji mbele. Antibiotiki haibadilishi. Yenye inabadilisha ni sindano ya hCG yenye wanapewa wenye kutafuta mutoto, na mimba ikitoka homoni inaweza kubakia mu damu majuma kazaa. Kingine: ukienda kupimwa malaria, sema kwanza mwezi imechelewa, juu dawa wanachagua kufatana na hiyo.
Mudogo wa Panzi: Aksanti yaya, sikujua ile ya malaria

Mama mapacha: Niko ku sindano ya kuzuia mimba ya miezi 3, sioni mwezi kabisa
— Kawaida kwa ile sindano mama. Ukiichoma kwa tarehe zake, tulia. Kama uliruka tarehe, pima.
Mama mapacha: Tarehe sikumbuki
— Pima basi. Na iandike ku kalendari ya kanisa yenye iko ku ukuta, duara moja tu, hakuna mwenye ataelewa.

Nyota ya Bagira: Na kununua bila watu kusikia?
— Kuja saa saba, watu wako wanakula. Sema "bandeleti" tu, nakufungia mu sashe nyeusi. Lakini kiisha siku 21.