Kung'arisha bodi na rimu nyumbani: namna ya kuchagua dawa, sabuni na vitambaa

Ingia duka lolote la spea na mapambo ya magari Kariakoo, utakuta rafu imejaa chupa na kila chupa inaahidi mng'ao. Muuzaji naye atakupa ile inayotoka sana. Kazi yangu ni kung'arisha magari, na mteja anayetaka kujifanyia mwenyewe nyumbani namwambia jambo moja: kabla hujauliza bei, jua chupa hiyo inagusa tabaka gani la gari lako na inaondoa nini.

Magari mengi tunayoendesha, iwe Passo, IST au Harrier, chini kuna bati, juu yake praima (rangi ya msingi), kisha rangi, halafu klia, ile varnishi isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja wa kichwani. Kila unaposugua kwa kompaundi, ile dawa nzito yenye chembe za kukwangua, unaipunguza, na ikishapungua hairudi. Ndiyo maana nasema pesa nyingi iende kwenye shampuu, vitambaa na kinga, kidogo tu iende kwenye vitu vya kusugua.

Hatua ya 1: Lisome gari kabla ya kwenda dukani

Lioshe, likaushe, liweke kivulini, kisha mulika boneti kwa tochi ya simu. Ukiona mikwaruzo myembamba inayozunguka mwanga kama utando wa buibui, hiyo iko kwenye klia na polishi inaitoa. Mkwaruzo ambao ukipitisha kucha inakwama umeenda chini mno, usiufuatie kwa kompaundi. Na paa lenye mabaka meupe yanayobanduka, klia yake imekufa kwa jua. Hakuna chupa itakayoirudisha, hiyo ni kazi ya fundi rangi.

Fungua boneti, tafuta kibati cha utambulisho na usome namba iliyoandikwa penye COLOR. Nyeusi ya Toyota namba 202 tunaifahamu vizuri: ni laini, inachubuka hata kwa taulo kavu. Mwenye gari hilo anunue vitambaa bora kuliko jirani yake. Kama gari lilishapigwa rangi gereji, sugua polishi kidogo mahali palipojificha. Kitambaa kikitoka na wekundu au ubluu wa gari, basi juu hakuna klia na unachosugua ni rangi yenyewe.

Hatua ya 2: Shampuu, maji na vitambaa

Sabuni ya unga imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, kwa hiyo inang'oa na waksi uliyoilipia. Sabuni ya vyombo nayo inafanya hivyohivyo, ila polepole. Nunua shampuu ya magari ambayo lebo yake inataja pH 7 au karibu na hapo, yaani si asidi wala magadi, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuzidisha hakusafishi zaidi, kunaacha mabaka.

Kwa wakazi wa Dar wanaotumia maji ya kisima: yale maji yana chumvi, na tone likikauka juani linaacha doa jeupe. Osha asubuhi na mapema au jioni, bodi ikiwa ya baridi, na ukaushe upande mmoja kabla ya kuhamia mwingine. Doa likiwa bado jipya, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inalitoa. Baada ya hapo suuza vizuri.

Vitambaa ndiyo sehemu ambayo watu wanabana matumizi isivyostahili. Tisheti kuukuu na kipande cha godoro vinashika mchanga na kuuburuza juu ya klia. Chukua maikrofaiba, angalia gramu kwa mita ya mraba: 300 hadi 400 inatosha kupangusia polishi na waksi, 500 na kuendelea ni ya kukaushia. Pitisha pindo kwenye ngozi ya ndani ya mkono. Likikukwaruza, litakwaruza na gari. Kata lebo. Kuoshea, tafuta glavu yenye nyuzi ndefu, na uwe na ndoo mbili za lita 20, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia glavu kila baada ya paneli. Ukifua vitambaa hivyo, usitie dawa ya kulainisha nguo. Inaziba nyuzi na havinyonyi tena.

Hatua ya 3: Rimu

Rimu zinaanza kabla ya bodi, kwa sababu uchafu wake unaruka. Zipe ndoo yake na vitambaa vyake, na visirudi kwenye bodi kamwe.

Lile vumbi jeusi linatoka kwenye diski na pedi za breki. Ni chembe za chuma zinazoruka zikiwa za moto, zinanasa kwenye rimu, zinashika kutu na kubaki vidoti vya kahawia ambavyo shampuu haivigusi. Hapa ndipo ile dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, ambayo dukani wanaiita ayani rimuva, inapostahili bei yake. Nyunyiza kwenye rimu iliyopoa na usubiri dakika mbili tatu. Utaona michirizi ya zambarau ikiteremka kwenye spoku: ndicho chuma kinachoyeyuka. Harufu yake ni ya yai viza, kwa hiyo fanyia nje na uvae glavu. Pitisha brashi laini, suuza kabla haijakauka. Kama zambarau haikutokea kabisa, hukuwa na chuma cha kuyeyusha, na siku nyingine shampuu peke yake inatosha.

Lakini kabla ya kununua chochote kikali, jua rimu yako ni ya aina gani. Paka polishi ya chuma kidogo nyuma ya spoku na usugue kwa kitambaa cheupe. Kikigeuka cheusi, hiyo ni aluminiamu tupu. Kisipogeuka, kuna klia juu, nawe uitunze kama bodi. Aluminiamu tupu haitaki asidi wala dawa kali ya kuondoa grisi, maana inafubaa palepale. Ioshe kwa shampuu, kisha uing'arishe kwa hiyo polishi ya chuma. Rimu za chuma zenye vifuniko vya plastiki hazihitaji zaidi ya shampuu na brashi.

Zipo dawa za rimu zenye asidi ya haidrofloriki au chumvi zake. Zinasafisha haraka kweli, lakini asidi hiyo inapenya ngozi hadi kuharibu mfupa, na maumivu yanaweza kuanza saa kadhaa baadaye, wakati madhara yameshaingia. Chupa isiyotaja viambato vyake iache dukani, hata kama kijana wa kuosha magari amekuhakikishia ndiyo anayotumia kila siku. Naye anahitaji kuambiwa.

Wanaoishi karibu na bahari watakuta pia michirizi myeupe inayotambaa chini ya klia ya rimu. Hiyo ni aluminiamu inayoliwa kwa ndani. Sabuni haifiki huko, mpaka klia ivuliwe na kupigwa upya.

Hatua ya 4: Udongo wa bodi

Baada ya kuosha, ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa mkate na upapase boneti. Ukihisi chengachenga, nunua klei, huo udongo wenyewe unaonasa uchafu ulioganda kwenye klia. Chagua laini, ile ya nguvu ya wastani ni ya wenye mashine ya kupolishi baadaye. Itelezeshe juu ya maji ya shampuu, bila kukandamiza, na uikunje upya ikichafuka. Ikidondoka chini, itupe. Bodi ikiteleza yenyewe, ruka hatua hii.

Hatua ya 5: Polishi, na kompaundi ikibidi

Anza na iliyo laini kuliko zote. Jaribu eneo la nusu mita kwa nusu mita, pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha mulika tena. Spiriti ni muhimu, kwa sababu polishi nyingi za bei rahisi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, na baada ya kuosha mara chache yote inarudi. Ikiwa imepungua kweli, endelea na hiyohiyo. Isipopungua, ndipo upande ngazi moja.

Kwa mkono, kompaundi nzito inaacha ukungu usioweza kuutoa. Ukitaka mashine, nunua ile ambayo sahani yake inazunguka na kuyumba kwa pamoja. Ile ya gereji inayozunguka tu, kwa mtu asiyeizoea, inachoma kingo za milango, mahali ambapo klia ni nyembamba zaidi.

Hatua ya 6: Kinga, kisha tairi

Waksi ya kanauba, inayotoka kwenye mti wa Brazili wa jamii ya minazi, inapendeza sana juu ya rangi nyeusi, lakini kwa jua letu inahesabiwa kwa wiki. Silanti, yaani kinga ya kemikali ya kutengenezwa kiwandani, inakaa miezi, na ndiyo ninayopendekeza kwa gari linalolala nje. Seramiki, kinga ya majimaji inayokauka kuwa tabaka gumu, inakaa zaidi, ila inafungia chini yake kila mkwaruzo ulioacha. Tabaka la silanti lipake na kwenye rimu zenye klia, vumbi la breki litatoka kwa maji. Hata hivyo kinyesi cha kunguru kilowanishe na ukiondoe siku ileile, maana jua likikipiga kinaila klia huku kinga ikiwepo.

Tairi zipake dawa inayotokana na maji, kidogo, na uiache ikauke kabla ya kuendesha. Usizipake dizeli, inavimbisha na kuchosha mpira. Na kama una mpango wa kupiga rangi karibuni, acha chochote chenye silikoni, au umwambie fundi rangi mapema: ikibaki kwenye bati, rangi mpya inakimbia na kuacha vishimo vya duara.