Jenereta ya gesi inayotoa umeme na maji ya moto hotelini: hatua kwa hatua

Nimemaliza kumsaidia fundi mkuu wa hoteli moja hapa Dar es Salaam, naandika mambo yakiwa bado kichwani. Mtambo wenyewe ni injini ya gesi: inazalisha umeme, na joto la ekzosi na la maji yake ya kupozea linapasha maji ya vyumbani, jikoni na dobi. Ukipangwa vizuri, asilimia 80 hadi 90 ya nishati ya gesi inatumika. Jenereta peke yake hutupa zaidi ya nusu.

1. Pima joto kabla ya umeme. Bana mita ya mtiririko nje ya bomba la boila, weka vipimajoto viwili, kwenye maji yanayokwenda na yanayorudi. Lita kwa sekunde, mara tofauti ya nyuzi, mara 4.2: hizo ni kilowati. Lita 2 zikienda na nyuzi 80 na kurudi na 65, ni kilowati 126. Pima hadi usiku, na msimu wageni wakiwa wachache. Bili ya gesi ya boila inakudanganya, maana inahesabu hata joto linalopotelea kwenye bomba la moshi.

2. Chagua injini kwa kiasi cha joto ambacho hoteli inakihitaji saa zote. Injini ya kilowati 100 za umeme hutoa kama 130 za joto. Muuzaji atakusifia kubwa zaidi. Kataa: injini inayokimbia chini ya nusu ya uwezo wake inachakaa bure.

3. Gesi. Gesi ya Songo Songo imefika Dar tangu 2004, lakini bomba kupita mjini si bomba kufika getini kwako. Pata kwanza barua ya msambazaji inayotaja presha.

4. Maji yanayorudi. Hapa ndipo kazi ilipo. Injini nyingi zinataka maji yarudi yakiwa na nyuzi 70 au chini. Yakirudi na 78, injini haina pa kuacha joto: feni ya redieta inaanza kuzunguka, na wewe unalipia gesi ya kupasha hewa ya Dar. Redieta nayo ikishindwa, mtambo unazima wenyewe, na mafundi wanaanza kulaumu kompyuta.

Mara nyingi kosa liko kwenye mabomba. Valvu za njia tatu zinarudisha maji ya moto moja kwa moja bila kuyatumia. Bomba la kuruka (bypass), la njia ya mkato, lililofunguliwa siku ya majaribio halikufungwa. Pampu ina nguvu kupita kiasi. Pita usiku na kipimajoto cha kubana, pima kila tawi; linalorudi na moto uleule uliokwenda nao ndilo mwizi.

Mimi naweka valvu za njia mbili na pampu ya kasi inayobadilika. Zisizibe zote kwa pamoja, acha njia ndogo wazi, pampu isikwame. Injini ikae mbele ya boila kwenye bomba la kurudi, ipate maji ya baridi kuliko yote; boila imalizie. Tangi la akiba liwe refu na jembamba, ili moto ukae juu na baridi chini. Maji ya bafuni yahifadhiwe kwa nyuzi 60, ili kuua bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu.

Kuna mitego miwili. Dobi la mvuke halitaki maji ya kupozea injini. Mvuke unatoka kwenye ekzosi tu. Na chila (mashine ya kupoza maji ya viyoyozi) inayoendeshwa kwa joto hurudisha maji yakiwa na nyuzi 80 hivi, kwa hiyo inahitaji injini iliyotengenezwa kwa hali hiyo. Mimi siipendi, labda kama viyoyozi havizimwi mwaka mzima.

5. Umeme. Rilei, yaani swichi inayojiendesha, ya kuutenga mtambo umeme wa TANESCO ukikatika ni lazima. Fundi umeme wenu anaijua.

6. Mita ya joto. Ifunge kwenye mtambo wenyewe, na uandike pia saa za feni ya redieta. Saa hizo zikipanda, rudi hatua ya 4 kabla hujamwita mtu wa injini.